Mwanafunzi wa Kupokelewa: Jinsi Wageni Walivyoingizwa Mjini Kakanda, Likasi na Miji ya Shaba

Kakanda, Kambove na Likasi ni miji ya shaba na kobalti ya Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyokuzwa na watu waliotoka kwingine. Ardhi ni ya machifu Wasanga na majirani zao tangu kale, lakini nyumba zilizopangwa kwa safu kandokando ya machimbo zilijaa Waluba wa Kasai na wa Katanga ya kaskazini, Wabemba, Walunda, Wasongye, Watetela, na kwa kipindi fulani watu wa Rwanda na Burundi. Katika miji ya namna hii kumpokea kijana aliyekuja kusoma halikuwa tukio la kualika majirani waje kushangaa. Nyumba nyingi zimewahi kulaza mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini, au kutoka mji ambao shule zake zimeishia njiani. Kumlaza na kumlisha yalikuwa mambo ya nyumba. Kumfanya awe mtu wa mahali lilikuwa jambo la makundi: kapita, yaani msimamizi wa kundi la wafanyakazi, na watu wake, parokia, timu ya mpira, chama cha watu wa kwao, kilio cha jirani. Historia ya mapokezi katika Katanga kwa hiyo haisomeki ndani ya nyumba peke yake, bali katika makundi hayo, ambayo nayo yaliweza kufungua mlango na kuufunga.

Kabla ya migodi ya Wazungu, mji mkubwa wa wageni katika eneo hili ulikuwa Bunkeya, kaskazini mwa Likasi ya leo. Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa katika magharibi ya Tanzania ya sasa, alianzisha hapo dola ya Garenganze katika nusu ya pili ya karne ya 19. Misafara ya pwani ya mashariki ilifika ikitafuta pembe na shaba, na misafara ya Angola ilitoka upande wa pili ikileta bunduki na nguo. Mgeni hakujichagulia pa kukaa. Alijitambulisha kwa Mwami, yaani mfalme, akasubiri, kisha akaonyeshwa mahali. Frederick Stanley Arnot, mmisionari kutoka Uskoti, aliingia kwa mlango huohuo mwaka 1886. Ndoa nazo zilifunga mapatano: mmoja wa wake wa Msiri alikuwa Maria de Fonseca, aliyetoka upande wa Waangola na Wareno. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa kikoloni wa afisa Stairs, na mji wake ukatawanyika. Vitu viwili vilibaki: Wayeke, watu wake, ambao wako Bunkeya hadi leo, na Kiswahili, ambacho baadaye kilikuja kuwa lugha ya kampi za wafanyakazi wa migodi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Wafanyakazi walitafutwa kwa njia ya wakala. Bourse du Travail du Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilikusanya watu ndani ya Kongo. Kampuni ya Robert Williams iliwaleta wengine kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Walikuja wanaume tu, kwa mikataba mifupi, wakiongozwa na kapita aliyewajua. Walilala pamoja na kupika chungu kimoja, na walipougua waliuguzana wenyewe kwa wenyewe. Katika miaka hiyo magonjwa yaliua wengi mno. Kazini waliamrishwa kwa Fanagalo, ile lugha ya mchanganyiko iliyopanda kutoka migodi ya kusini. Mgeni wa wakati huo hakuingizwa katika mji, kwa kuwa mji wenyewe haukuwapo bado. Aliingizwa katika kundi la kapita, na mkataba ulipokwisha aliondoka nalo.

Hata hivyo wanaume hao hawakukaa bila kujipanga. Ngoma za mbeni, zilizozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanganyika, zilipanda bara pamoja na askari na makarani, na katika miaka ya 1920 zilikuwa zimefika Katanga. Zilikuwa na vyeo, sare, magwaride na michango. Wakuu wa kikoloni waliziangalia kwa wasiwasi, na hawakukosea kabisa: ndani ya gwaride lile mlikuwa na mfuko wa kumzika aliyekufa mbali na kwao, na wa kumsaidia aliyefika hana kitu. Kijana aliyeingia katika mbeni alipata kaka wakubwa kabla hajapata rafiki.

Mabadiliko makubwa yalikuja kuanzia 1927 na 1928. Kampuni ilichoka kupoteza watu kila mkataba ulipokwisha, na serikali ilikuwa ikipunguza idadi ya wanaume waliotolewa vijijini. Ukaanzishwa mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mke. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika wa kampuni kwa miaka mingi, alitaka mtoto azaliwe kampi, asome kampi, aajiriwe kampi. Wamonaki Wabenedikto, chini ya Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, walishika shule za wavulana. Masista walishika za wasichana. Kiswahili kikachukua nafasi ya Fanagalo. Nyumba za matofali zilipangwa kwa safu, na kila wiki familia ilipokea poso: unga, maharagwe, mafuta, chumvi, samaki au nyama, vyote vikipimwa kulingana na mke na watoto walioandikwa.

Neno kuu katika habari hiyo ni kuandikwa. Poso, hospitali na shule vilimfuata mtu aliyekuwa kwenye kitabu cha kampuni. Mgeni aliyelala kampi alipaswa kujulikana kwa mkuu wa kampi, na sheria za koloni zilimtaka mtu anayetoka kwao kwa muda mrefu awe na karatasi ya ruhusa. Mtoto wa kaka aliyekuja kusoma Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa kampuni, alikuwa nje ya hesabu hizo. Kwa mila zake, mtoto huyo alikuwa na baba wawili au watatu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akifanya kazi katika viwanda vya Shituru au Panda. Kwa kitabu cha kampuni alikuwa mpita njia. Njia iliyozoeleka ilikuwa kumwandikisha kama mtoto wa nyumba. Wengine wataita hilo udanganyifu. Kwa haki, kitabu ndicho kilichokuwa na mawazo finyu kuhusu ukoo.

Kuandikwa kulimpa mtoto chakula na dawati, lakini hakukumpa majirani. Hilo lilifanyika nje ya nyumba, na mwenyeji aliyejua kazi yake alianza siku za kwanza. Kabla mtoto hajaonyeshwa mji, alipelekwa nyumba za jirani kulia na kushoto kusalimia wakubwa, akatajwa kwa jina la baba mwenyeji wake: huyu ni mwana wa fulani. Kuanzia hapo mtu mzima yeyote wa safu ile alikuwa na ruhusa ya kumtuma na kumkemea, na yeye alikuwa na ruhusa ya kula bukari (ugali) na sombe (kisamvu) katika nyumba ambayo jioni ilimkuta. Jumapili alikwenda misani na watoto wa nyumba na kuandikwa katika katekisimu. Kama alitoka Kasai, Tshiluba cha kwao kilimsaidia nyumbani tu. Uwanjani na bombani ilibidi ajifunze Kiswahili cha Katanga, na watoto wenzake walikuwa walimu wasio na huruma.

Kwa wavulana, mlango mpana kuliko yote ulikuwa mpira. Mwaka 1939 Wabenedikto wa Taasisi ya Saint-Boniface mjini Elisabethville waliunda timu kwa ajili ya vijana wa skauti ambao hawakuwa wakielekea upadri. Timu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa TP Mazembe, bingwa wa Afrika mara kadhaa. Jadotville na kampi zake zilikuwa na timu zao, na mji wa Likasi bado unaijua Panda B52. Timu ya kampi ilikuwa na faida moja ambayo chama cha kabila hakikuwa nayo: ilihitaji mtu anayejua kupiga chenga, awe Msanga au Msongye. Wasichana walikuwa na fwaye, ile nyumba ya mafunzo ambamo wake na mabinti wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika na kulea. Kampuni na masista waliikusudia izae wake wa aina waliyoitaka wao. Mabinti waliokuja kukaa kwa shangazi waliitumia kwa jambo lingine pia, yaani kujuana.

Muziki ulifanya kazi hiyohiyo bila ratiba ya mtu. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alikuwa akipiga gitaa Jadotville alipokutwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Rekodi za mwaka huo zilimpeleka hadi Nairobi na baadaye Marekani. Alikuwa kijana wa Kiyeke akiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa kila kabila la kampi, na gitaa lake likasikika Afrika Mashariki nzima. Kwa upande wa kampuni, hakuna programu iliyokuwa imempangia hilo.

Kwamba kampi ilikuwa imezalisha jamii ya kweli kulionekana mapema, tena kwa namna ambayo kampuni haikuipenda. Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville, Panda, Shituru na Elisabethville waligoma wakidai nyongeza ya mishahara kwa sababu ya gharama zilizopanda wakati wa vita. Watu ambao vitabu viliwapanga kwa makabila walisimama pamoja. Tarehe 9 Desemba, Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika uwanjani, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Uwanja huo ulikuwa wa mpira.

Baada ya vita lilikuja kundi lililochukua mapokezi kama imani. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji ambaye kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilitoka mwaka 1945, alianza mwaka 1953 kukutana na mafundi na wake zao katika kampi ya Ruwe, karibu na Kolwezi. Hapo ikazaliwa Jamaa, iliyoenea kampi kwa kampi hadi Likasi na Lubumbashi. Mafundisho yake yalizunguka uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja kwa hatua, wakiongozwa na wenzao waliotangulia, na wote waliitana baba na mama bila kuuliza mtu ametoka wapi. Mwanafunzi hakuwa mlengwa wa Jamaa, kwa kuwa ilikuwa njia ya wenye ndoa. Lakini aliyepata bahati ya kulelewa katika nyumba ya namna hiyo alikuta wazazi kumi badala ya wawili, na kila safari ya kwenda kampi nyingine alikuwa na mahali pa kufikia.

Vyama vya watu wa asili moja vilikua katika miaka hiyohiyo. Kazi yao ya kila siku ilikuwa njema na ya lazima: kumpokea anayeshuka garimoshini, kumtafutia mwenyeji ikiwa ndugu hayupo, kuchangia karo, kusafirisha maiti. Mwanafunzi alipelekwa mkutanoni, akasimamishwa, akataja kijiji na ukoo wake, wazee wakamrudisha kwenye babu wanayemfahamu. Ila chama kinachojua kuhesabu watu wake kinaweza pia kuhesabiwa kura. Katika uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957 watu wa asili ya Kasai walishinda viti vikubwa mijini. Jadotville, Victor Lundula, Mtetela aliyekuwa msaidizi wa kitabibu, akawa burgumesta, yaani mkuu wa manispaa. Julai 1960 alifanywa mkuu wa jeshi la Kongo. Mgeni aliyepokelewa vema alikuwa sasa mwenye mji. Wengi walijivunia, na wengine walihisi wameporwa. Oktoba 1958 vyama vya waliojiita wenyeji wa Katanga viliungana katika Conakat, na tarehe 11 Julai 1960 kiongozi wake, Moïse Tshombe, alitangaza kujitenga kwa Katanga. Vita vya kujitenga, vilivyokwisha Januari 1963, viliwahamisha Waluba wengi kutoka majumbani mwao.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Rais Mobutu ilitaifisha mali za Union Minière. Jina la Jadotville lilikuwa limekwisha kurudishwa kuwa Likasi, na kampuni mpya ikaja kujulikana kama Gécamines. Kwa familia za kampi mambo mengi yaliendelea: poso, hospitali, shule, michezo. Watu walisema Gécamines ni baba na mama, na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alipoandika baadaye habari za familia hizo aliwaita watoto wa Shaba (jina la Katanga wakati wa Mobutu) walioachwa na baba yao. Kakanda ilikuwa mfano kamili wa utegemezi huo. Likasi ilikuwa na maduka, viwanda vingine, wafanyabiashara, ofisi. Kakanda ilikuwa na machimbo, kiwanda cha kuchenjua madini, na kampi. Mwanafunzi aliyekaa Kakanda alisoma katika shule ya kampuni, akatibiwa na kampuni, akacheza katika uwanja wa kampuni. Hilo lilifanya mapokezi kuwa rahisi, labda rahisi kupita kiasi, kwa sababu mlezi alikuwa mmoja tu. Aliyemaliza madarasa yaliyokuwapo alikwenda Likasi au Lubumbashi, naye akawa mgeni kwa ndugu mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlezi huyo alianguka. Mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaporomoka, mishahara ikachelewa. Katika njaa hiyo siasa za mwenyeji na mgeni zilirudi. Kuanzia Agosti na Septemba 1992 Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani, makazini na mashuleni, huku viongozi wa chama cha UFERI na wa mkoa wakiwachochea vijana kwa hotuba. Maelfu kwa maelfu walijazana kwenye stesheni ya Likasi na katika majengo ya shule, wakisubiri treni za kwenda Kasai, wakifa kwa kipindupindu na utapiamlo. Wengi walikuwa wamezaliwa Likasi na hawakuwahi kuiona Kasai.

Kwa habari ya mapokezi, mwaka 1992 una funzo zito kuliko miaka yote ya amani iliyoutangulia. Miaka sitini ya kuandikwa, kusalimia majirani, kubatizwa na kucheza timu moja haikumlinda mtu ambaye chama chake cha asili kilikuwa kimegeuzwa kuwa orodha. Ila haikuwa bure pia. Wapo majirani waliowaficha watu, na maparokia yaliwapokea waliokimbia. Waliofichwa walifichwa na watu waliowajua kwa jambo lingine lisilo kabila: kwaya moja, darasa moja, parseli inayopakana, mapendo ya Jamaa.

Mwaka 2003, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliachishwa kwa malipo ya mara moja. Poso, shule na hospitali za bure ziliondoka pamoja na kazi. Machimbo ya Kakanda yaliingia katika ubia wa Boss Mining, na wachimbaji wa mikono wakaja kwa wingi kutoka pande zote za nchi. Kampi ya zamani ikawa mtaa wa kawaida ambamo kila nyumba inajitegemea. Mapokezi ya mwanafunzi yakapoteza kitabu cha kampuni na kurudi mikononi mwa vikundi vidogo: jumuiya za Kikristo za mtaa, makanisa ya maombi, kwaya, vikundi vya likelemba ambamo akina mama hupeana fedha kwa zamu.

Kati ya vyote hivyo, kinachompima mgeni kuliko kingine ni kilio. Msiba ukitokea, viti hukusanywa kutoka nyumba za jirani, moto huwashwa nje, wanaume huketi kuuzunguka usiku kucha, akina mama hukaa ndani na wafiwa. Mtu mmoja hushika daftari na kuandika michango, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Mwanafunzi hana fedha, na hakuna anayemtarajia awe nazo. Anatarajiwa abebe viti, achote maji, apasue kuni, asalimie wazee kwa mikono miwili, abaki mpaka usiku uingie. Akifanya hivyo mara moja, mtaa mzima unajua mwana wa nani yuko kwa nani. Asipofanya, anaweza kumaliza miaka mitatu Likasi akijulikana shuleni tu.

Mashirika ya kimataifa ya kubadilishana wanafunzi, kama AFS ambayo ilianza programu yake ya shule baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yalijengwa juu ya wazo kwamba familia mwenyeji ndiyo mlango. Historia ya Katanga inakubali nusu ya wazo hilo. Familia ni mlango wa kwanza, na hutosha kwa wiki chache. Baada ya hapo mwenyeji anayetaka mgeni wake akae kama mtu humtafutia angalau makundi mawili yasiyofanana: moja linalomfahamu kwa asili yake, ambako anaweza kulia kwa lugha yake, na lingine lisilojali asili, ambako ana kazi ya kufanya. Kwaya yenye upungufu wa sauti ya besi ni bora kuliko karamu kumi za kumkaribisha. Kosa linalorudiwa ni kumweka mgeni kwa watu wa kwao peke yao kwa sababu ni rahisi.

Siku hizi mkondo umegeuka pia. Familia za Likasi na Lubumbashi huwavusha watoto wao Kasumbalesa kwenda Ndola na Kitwe nchini Zambia ili wajue Kiingereza, na wengine hufika Uganda na Tanzania. Wanaowaaga huwafungia nguo, unga kidogo, namba ya simu ya ndugu, na mara nyingi barua ya parokia au ya kanisa la Kimethodisti inayomtambulisha kijana kwa wachungaji wa huko. Barua hiyo huwafaa kuliko namba ya simu, kwa sababu ndugu hutoa kitanda, na kanisa hutoa kwaya.